Bibi anahitaji tarehe kabla ya kilo

Mtaani kwetu Buguruni, Dar es Salaam, kuna bibi anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, mjane, ana sukari na presha, analea wajukuu wawili wa marehemu binti yake. Siku moja asubuhi napita kumjulia hali, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, namkuta barazani kwenye mkeka amemwaga vidonge vyake juu ya kanga anavihesabu kimoja kimoja. Akaniambia vimebaki 19. Mimi nikafurahi, nikasema afadhali bibi, mwezi huu hutahangaika kununua. Akanitazama tu. Vidonge vile vilitakiwa viwe vimeisha jana yake.

Anameza kimoja asubuhi kimoja jioni na hospitali walishamwambia ameze akiwa amekula, sasa kuna siku alimeza hajala akatoka jasho, mikono ikatetemeka, macho yakaingia giza akaanguka karibu na jiko la mkaa, na tangu siku hiyo akajiwekea sheria yake mwenyewe kwamba asipokula hamezi. Kwa hiyo ile 19 ilikuwa hesabu ya milo. Mara 19 ndani ya mwezi mmoja saa ya dawa ilifika bibi hana kitu tumboni, na hakumwambia mtu yeyote, wala mjumbe, wala mimi ninayepita mlangoni kwake kila siku naenda kupanda daladala. Nilimwomba amwambie daktari ukweli huo, maana daktari anaona tu sukari haishuki anamwongezea dozi, hajui kwamba tatizo liko jikoni.

Tangu hapo nimewaza sana hii ishu ya msaada wa chakula kwa wazee wasio na kipato, na nimefika mahali nasema mjadala wetu tunauanzia pabaya. Tukikaa tunaongelea ukubwa, kilo ngapi, elfu ngapi, mfuko una nini ndani. Kwa mzee, ninavyoona mimi, jambo la kwanza ni tarehe. Ajue kabisa kwamba siku fulani kitu kinaingia, hata kama ni kidogo, na mwezi ujao siku hiyohiyo kinaingia tena. Na kuna la pili linalotembea pamoja na hilo, awepo mtu wa kukaa naye chini mpaka jina lake liingie kwenye orodha. Kilo tuzibishanie baada ya hapo.

Angalia bibi anavyonunua. Mwenye mshahara ananunua unga kilo 5, mafuta lita 3, mkaa gunia, anatulia. Bibi anaishi kwa kupima: mafuta ya 500, sukari robo, unga nusu, nyanya fungu moja, mkaa wa kopo. Ukijumlisha vile vipimo vya mwezi mzima unakuta kilo moja ya bibi ni ghali kuliko kilo yako wewe mwenye friji, yaani maskini analipa zaidi kwa chakula kilekile kwa sababu tu hela yake inaingia kwa vipande na haijulikani kipande kijacho kinakuja lini. Halafu kuna daftari la madeni la Mangi mwenye duka. Wote tunalijua daftari la Mangi. Mlinzi wa getini mshahara wake ni mdogo lakini anakopeshwa, kwa sababu Mangi anajua mwisho wa mwezi jamaa analipwa. Bibi kuna mwezi anaweza kupokea hela nyingi kuliko huyo mlinzi, mtoto katuma, msikiti umetoa, jirani kampa, na bado Mangi hamwandiki kwenye daftari maana hajui mwezi ujao itakuwaje. Tarehe inageuka kuwa dhamana. Elfu ishirini inayojulikana siku yake inamlisha mzee mwezi mzima kwa kukopa na kulipa, elfu hamsini ya kushtukiza inaisha ndani ya siku nne kwenye madeni ya zamani na ada ya mtihani ya mjukuu.

Nimekuwa nasoma habari za wenzetu Marekani kwenye jambo hili. Sisemi ni wakarimu kuliko sisi, ila wao wanaandika na wanahesabu, kwa hiyo unaweza kuona msaada unamfanya nini mzee. Wana mpango wa serikali wa kuwasaidia chakula watu wa kipato cha chini, unaitwa SNAP, zamani ulijulikana kama stempu za chakula, ulianza kwa majaribio 1939 kwenye mji wa Rochester huko New York, Rais Lyndon Johnson akausainia sheria yake 1964, na jina hili la sasa likaja 2008. Mwaka 2024 watu kama milioni 42 walikuwa wanautegemea. Hela inaingia kila mwezi kwenye kadi kama ya benki, unaenda dukani unachagua chakula unachotaka mwenyewe, pombe na sigara huruhusiwi, sabuni na dawa pia hapana. Kwao mzee anaanza kuhesabiwa miaka 60, kama sisi.

Sasa kuna utafiti mmoja walifanya California kwa kuangalia rekodi za waliolazwa hospitali kuanzia 2000 mpaka 2008, wakatazama watu waliolazwa kwa sababu sukari yao imeshuka kupita kiasi. Kwa watu wa kipato cha chini wakakuta wiki ya mwisho ya mwezi kulazwa kunapanda kwa asilimia 27 ukilinganisha na wiki ya kwanza. Kwa wenye kipato cha juu mpando huo haukuwepo. Tafsiri yake waliyoitoa ni kwamba hela na msaada wa chakula vinaingia mwanzoni mwa mwezi, ikifika mwishoni jikoni hakuna kitu, mgonjwa anameza dawa yake kama kawaida tumbo likiwa tupu na sukari inaanguka. Nilivyosoma hapo nikamkumbuka bibi alivyoanguka karibu na jiko. Wa California walikuwa wanameza na kulazwa, wa kwetu ameamua kutomeza, na ukitaka kujua yupi anaumia zaidi huwezi kujua kirahisi maana huyu wa pili hakuna rekodi yake mahali popote, anaumia kimyakimya figo zinakwenda, macho yanakwenda, siku moja mguu unapata kidonda kisichopona.

Na dawa zenyewe zinashindana na chakula kwenye mfuko uleule. Hili watafiti wa kule wameliona pia, mzee anayepata msaada wa chakula anapungukiwa na ile tabia ya kuruka dozi au kukata kidonge nusu kwa sababu ya gharama. Inaeleweka, ile hela ambayo ingeenda kwenye mchele inabaki inanunua dawa. Kuna na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walitoa matokeo 2022, waliwafuatilia wazee wenye sifa ya kupata SNAP, waliokuwa wanapata na wasiopata, wakaona kumbukumbu na akili za waliokuwa wanapata zilishuka polepole zaidi, tofauti ya kama miaka 2 ya uzee ndani ya miaka 10. Mimi sio daktari na najua watu wanaojiandikisha wanaweza kuwa tofauti na wasiojiandikisha kwa mambo mengine mengi, kwa hiyo sitaki tuichukue kama uchawi. Lakini mtu aliyewahi kukaa na mzee mwenye njaa ya muda mrefu anajua anavyopotea taratibu, anarudia swali, anasahau maji jikoni, sisi tunasema uzee huo, na pengine sehemu yake ni kushindia chai ya rangi.

Sasa niongelee kilichonishtua zaidi. Kwa miaka mingi, kule kwenye kompyuta na kadi na ofisi kila kaunti, nusu au zaidi ya wazee wenye haki ya kupata SNAP walikuwa hawaichukui. Haki ni yao, hela ipo, hawaendi. 2016 wachumi wakafanya jaribio Pennsylvania kwa wazee zaidi ya 30,000 wa miaka 60 kwenda juu ambao ilionekana wana sifa lakini hawajajiandikisha. Kundi moja waliachwa kama walivyo, ndani ya miezi 9 waliojiandikisha ni asilimia 6. Kundi la pili walitumiwa barua kuwaeleza kwamba inaonekana una haki hii, wakafika asilimia 11. Kundi la tatu walipewa barua na pia mtu wa kuwasaidia kwenye simu kujaza maombi na kukusanya makaratasi, wakafika asilimia 18. Yaani mara tatu, bila kuongeza hata senti kwenye msaada wenyewe. Kilichoongezwa ni mtu.

Hilo mimi nimelishika kwa mikono yangu. Niliamua kumsaidia bibi aombe msaada kwenye mpango mmoja, sitautaja, maana nia yangu sio kumsema mtu. Tulitakiwa barua ya mjumbe, barua ya serikali ya mtaa, kopi ya kitambulisho cha taifa, picha mbili ndogo, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Laini ya bibi imesajiliwa kwa jina la kijana aliyekuwa mpangaji wake akahama. Tukaenda kusajili upya, anaweka kidole kwenye mashine kinakataa, cha pili kinakataa, vidole vya mtu aliyechambua mpunga na kufua nguo za watu miaka arobaini vimelainika, mashine haivioni. Yule dada wa kusajili alikuwa mwema, alimfuta kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, tukajaribu kama mara nane hivi, kidole gumba cha kushoto kikakubali. Bibi akacheka akasema kumbe bado nipo. Siku mbili zimeisha hapo, nauli, kopi, picha, na foleni amesimama na magoti yale. Jioni ya siku ya pili akaniambia mwanangu tuache tu, Mungu atanipa. Na angeacha kweli kama angekuwa peke yake. Halafu ungesikia mtu ofisini anasema wazee hawajitokezi.

Kitu kingine kilichomkwamisha ni nyumba. Bibi ana nyumba, ya vyumba vinne, bati limeoza, marehemu mume wake aliijenga wakati Buguruni bado kuna mashamba ya mikorosho huku na huku, vyumba viwili havikaliki mvua ikinyesha. Kwenye kikao cha mtaa mtu akasema huyu ana nyumba ya urithi hapa mjini, kiwanja tu ni mamilioni, tuwape wasio na kitu. Waliokaa wakaitikia. Nawaelewa, nafasi ni chache na watu wengi, lakini nyumba hailiwi, auze aende kulala wapi na wale watoto? Wenzetu wa SNAP kwenye kupima mali nyumba unayoishi hawaihesabu kabisa. Na mzee wa miaka 60 na kuendelea, hela anayotoa mfukoni kwa matibabu ikizidi dola 35 kwa mwezi ile ziada inatolewa kwenye hesabu ya kipato chake, kwa hiyo mzee mgonjwa anahesabika kuwa na uhitaji zaidi, maana kweli ana uhitaji zaidi. Hiyo ni busara ndogo tu ya kwenye fomu lakini inabadilisha maisha ya mtu.

Tusifikiri kule kwao ni peponi. Kiwango cha chini kabisa cha kaya ya mtu mmoja au wawili kilikuwa dola 23 kwa mwezi kuanzia mwishoni mwa 2022, na wazee wengi ndo wanaangukia huko chini maana wana kapensheni kadogo. Kipindi cha korona waliongezewa wote mpaka kiwango cha juu, ilipofika Machi 2023 nyongeza ikakatwa nchi nzima na kuna wazee walishuka kutoka dola 281 mpaka dola 23 kwa mkupuo mmoja. Halafu sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ikapandisha umri wa wanaotakiwa kuthibitisha kazi, mwanzo ilikuwa mpaka miaka 54, sasa mpaka 64, kama unaonekana unaweza kufanya kazi na huna mtoto mdogo unatakiwa uonyeshe saa 80 kwa mwezi, la sivyo unapata miezi 3 tu ndani ya miaka 3. Mtu wa miaka 62 mwenye mgongo mbovu ambao haujaandikwa na daktari anaingia kwenye kapu hilo. Na Novemba 2025 ndo ilikuwa mbaya kabisa, serikali yao ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1 Oktoba kwa ugomvi wa bajeti, mwezi ukaanza hela za SNAP hazikuingia kama ilivyozoeleka, watu wakaenda kupanga foleni kwenye vituo vya chakula cha bure. Mzee aliyepanga maisha yake yote kwa ile siku ya kadi, siku ikapita. Kiasi hakikuwa kimepunguzwa hata dola moja kwenye sheria, kilichovunjika ni tarehe, na taharuki mliiona wenyewe kwenye taarifa za habari.

Turudi nyumbani. Huku kwetu tuna TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tangu 2000, na mpango wa kunusuru kaya maskini ulianza 2012, awamu yake ya pili ikazinduliwa Februari 2020, na umefikia kaya zaidi ya milioni 1. Ni kazi kubwa, nasema kwa dhati, kuna bibi huko vijijini walikuwa hawajawahi kushika noti yao wenyewe. Ila tazama ulivyopangwa. Unalenga kaya, haumlengi mzee kama mzee. Malipo yalipangwa kila baada ya miezi miwili. Kwa mkulima aliyezoea kusubiri mavuno labda miezi miwili sio kitu, kwa bibi wa Buguruni anayenunua hadi maji ya ndoo ni muda mrefu sana. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ilitoka kwanza 2003 na inamtambua mzee kama mtu wa miaka 60, tuna matibabu bure kwa wazee wasiojiweza, tuna madirisha ya wazee hospitalini, lakini ukiangalia yote hayo utaona mzee wetu anatambuliwa zaidi akiwa tayari mgonjwa. Pensheni ya kila mwezi kwa kawaida ni ya aliyeajiriwa akachangia. Mama aliyepika mihogo na maandazi nje ya kiwanda miaka thelathini akalisha wafanyakazi wote wa kile kiwanda, wao wana pensheni, yeye hana.

Zanzibar walifanya kitu ambacho huwa nashangaa hatukizungumzi sana huku bara. Aprili 2016 walianza Pensheni Jamii, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, kila mwezi, shilingi 20,000, na baadaye ikapandishwa mpaka 50,000. Hawaulizi una nyumba, hawaulizi una watoto wangapi Oman, hakuna kikao cha kumjadili mtu, una umri na ni mkazi basi. Ni hela ndogo? Ndiyo. Lakini kila mwezi. Mzee wa Makunduchi au wa Micheweni mwenye duka anamjua, daftari linafunguka. Ningechagua hiyo kuliko mfuko wa kilo 25 unaokuja siku isiyojulikana, na sidhani kama nakosea.

Mtu ataniambia wazee wa kwetu wana watoto, hatuwezi kuishi kama Wazungu. Nakubali kwamba watoto ndo pensheni ya wengi. Ila watoto wenyewe ni nani? Ni bodaboda, ni kijana wa genge, ni dada wa saluni aliyepanga chumba kimoja Mbagala na ana watoto wake watatu. Anampenda mama yake kweli, anamwambia mama nitakutumia wiki ijayo, wiki ijayo pikipiki imekamatwa, hela imeenda huko. Hakusema uongo, ila hana tarehe na yeye. Umaskini wa mtoto unashuka moja kwa moja mpaka kwenye sufuria ya mama, na mama hawezi kulalamika maana anaona hali ya mwanae. Anajibu usijali mwanangu mimi nipo, nimekula. Nimeshasikia hiyo simu mara nyingi pale barazani, mkaa haujawashwa tangu jana.

Na mwingine atasema hizo hela wanakula wengine, wajukuu, wajomba. Wajukuu ni kweli wanakula, bibi hawezi kula ugali mtoto anamwangalia, atakata katikati na kipande kikubwa kitaenda kule. Kule Muleba mkoani Kagera shirika la Kwa Wazee lilianza 2003 kuwapa pensheni ndogo wazee waliobaki na yatima wa ukimwi, na 2008 ukafanyika utafiti kulinganisha waliokuwa wanapata na wasiopata, hela ikaonekana ilipokwenda: chakula, chumvi, sabuni, viatu vya shule vya wajukuu. Mimi hapo sioni upotevu wowote. Naona ukimpanga mzee mmoja kwenye orodha umepanga nyumba nzima, kwa hiyo kiasi kinachotosha mtu mmoja hakitoshi, tukubali tu kupiga hesabu na watoto ndani yake.

Sasa kuna hili la Ramadhani, naomba ndugu zangu mnisikilize kwa nia njema. Ukifika mwezi mtukufu mtaa wetu unajaa neema, misikiti inatoa, makampuni yanatoa, wanasiasa wanatoa, vikundi vya wanachuo vinatoa, kuna siku bibi alipata mifuko minne ndani ya wiki moja. Mchele, unga, tambi, tende, mafuta, na sukari. Alijumlisha akapata sukari kilo 9. Mtu mwenye kisukari. Akamuuzia mama wa vitumbua kwa bei ya chini akanunua dagaa na dawa, sawa, lakini kati ya mikono yote ile iliyotoa hakuna hata mmoja aliyemuuliza bibi wewe unakula nini. Krismasi na Pasaka upande wa pili ni hivyohivyo. Halafu Iddi ikipita kimya. Miezi kumi na moja. Ile mifuko minne ingegawanywa, mmoja Muharram, mmoja baada ya miezi mitatu, mwingine tena, thawabu ingepungua wapi? Najua fadhila za Ramadhani na simkatazi mtu kutoa Ramadhani, ila zaka inaweza ikatolewa kwa utaratibu, wapo wenye elimu ya dini mtaani tuwaulize jinsi ya kuipanga, na sadaka haina mwezi.

Na picha. Mzee anakabidhiwa mfuko, watu sita wameushika mfuko mmoja, kamera mbele, bibi katikati ametazama chini. Kesho yake picha iko kwenye kila simu mtaani, mpaka mpangaji wake kaiona, mpaka mchumba wa mjukuu kaiona. Marekani zamani walikuwa wanatoa karatasi za stempu, ukizitoa pale kaunta foleni nzima inajua wewe ni wa msaada, ilipofika 2004 majimbo yote wakawa wamehamia kwenye kadi inayofanana na kadi ya benki. Mzee anapitisha kadi yake kama mtu mwingine yeyote anaondoka. Aibu ni gharama, wapo wazee wanaoona bora walale na njaa kuliko kupigwa picha ile, na hao hutawaona kwenye takwimu zozote.

Sisi pale mtaani tumeanza kitu kidogo. Tuko familia tano, hatuna kikundi kilichosajiliwa wala jina, tunachanga kwa simu kila tarehe 5 na hela inaenda moja kwa moja kwa Mangi, haipiti kwa bibi wala kwetu. Mangi ameandika ukurasa mpya kwenye daftari. Bibi anachukua anachotaka mpaka kiasi kiishe, unga, maharage, dagaa, mayai mara moja moja, na kikiisha kabla ya tarehe Mangi anamkopesha bila kinyongo kwa sababu tarehe 5 anaijua. Hakuna anayebeba mfuko barabarani. Mwezi wa kwanza mmoja wetu alichelewa siku tatu na nikaona kwa macho yangu bibi alivyorudi kwenye vipimo vya 200 vya mafuta, ndo nikaelewa kwamba hata sisi tunaweza kuwa wale wanaovunja tarehe. Sasa anayechelewa mwingine anamjazia.

Mwezi uliopita nilimkuta tena barazani na kanga yake na vidonge. Vilibaki 6. Kwenye hivyo 6 vitatu ni vya siku alizosafiri kwenda msibani Kisarawe akasahau mfuko wa dawa nyumbani, hivyo ndivyo alivyoniambia na nimemwamini. Kliniki wamempunguzia dozi.

Lakini familia tano sio serikali, mmoja wetu akihama au akikosa kazi huo ukurasa wa daftari unafungwa, na Buguruni peke yake kuna bibi wangapi ambao jirani yao hapiti asubuhi? Hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wangeongezewa jukumu moja tu, kukaa na mzee kujaza fomu na kumfuata mpaka apate jibu. Na kwenye dirisha la wazee hospitalini, kabla ya kumwongezea mtu dozi, aulizwe vidonge vya mwezi uliopita vimebaki vingapi na kwa nini. Pensheni ya kila mwezi kwa wote walau kuanzia miaka 70 kama ilivyo Zanzibar, hata kwa kuanza na kiasi kidogo, hiyo ndo ningependa wabunge wetu wa Dar waipiganie bajeti baada ya bajeti.

Maombi ya bibi bado hayajajibiwa, ni mwezi wa tano huu. Juzi wameniambia barua ya mtaa imepitwa na wakati, inatakiwa mpya. Jumatatu nimeomba ruhusa kazini, nitaenda naye asubuhi kabla ya jua kuwa kali.